Viti Ishirini na Viwili

Chumba tumepata: ghorofa ya pili, dirisha la kaskazini,
viti ishirini na viwili, kimoja mguu wake unacheza.
Ornella kavihesabu kwa kidole, mara mbili,
kama anayenunua mayai.
Siku ni Ijumaa ya pili ya Novemba,
mwezi ambao Ferrara huzama katika ukungu
na kuta za matofali huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu.
"Nani atatoka nyumbani siku hiyo?" anauliza Profesa Tumiati,
ambaye huja chuoni kwa gari.

Jina bado tunaligombania.
Yeye anataka Baiskeli na Jamii.
Mimi hiyo "na" inanikera,
kana kwamba jamii imekaa kibarazani
na baiskeli inapita zake, zinapungiana mkono.
Vikombe vitatu vya kahawa kwa herufi mbili.
Basi, na ibaki.

Fedha: yuro mia nne na themanini.
Nauli ya mgeni wa Ghent imemeza nusu,
iliyobaki ni mkate, jibini, na matufaha ya mjomba wa Ornella,
ya bure, yenye madoa.
Mihtasari imefika ishirini na tisa, nafasi ni kumi na moja.
Kijana wa Szeged ameandika juu ya wajane
waliojifunza kuendesha baada ya mazishi;
huyo aje hata kwa miguu.
Mwingine kapima nani hupigiwa honi, na ya urefu gani.
Mwingine ana majedwali kumi na manne
na hana hata tairi moja.

Jumamosi nilimpelekea Learco mnyororo wangu.
Miaka arobaini na mitatu katika karakana ile ile,
kucha zake hazijui sabuni.
Nikamwambia: njoo uzungumze, dakika ishirini tu.
"Niseme nini mimi?"
Mbele yake palikuwa na baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu.
"Tazama pedali. Ya kushoto imelika, ya kulia kama mpya.
Huyu ana goti bovu, na mkewe hajui."
Akazungusha gurudumu, akalisikiliza.
"Hayo nayo ni ya chuo?"
Nikayaandika nyuma ya risiti.
Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Leo nimewahi, saa kumi na mbili na nusu,
kubandika ratiba mlangoni.
Halyna alikuwa ameshamaliza ngazi.
Huja kilomita saba kila alfajiri,
taa ya dinamo, mfuko wa plastiki juu ya tandiko.
Akaisoma ratiba yote, ndoo mkononi,
hadi mstari wa kuagana.
"Na baiskeli zao mtaziweka wapi?"

Barua sabini na tatu tumeandikiana tangu Mei.
Sabini na tatu.
Tumealika wageni, hatukutandika.
Na uani, ukutani, kibao cha shaba, skrubu nne,
muhuri wa chuo:
Ni marufuku kuegemeza baiskeli hapa.

Tukateremka na kamba ya kufungia maboksi.
Yeye kashika ncha moja, mimi nyingine,
tukapima toka mfereji hadi mlango wa stoo.
Kumi na tisa, usukani huku, usukani kule,
kama dagaa ndani ya kopo.
"Ishirini," akasema, "na yangu.
Umewahi kuiona yangu?"
Sikuwahi. Nyuma ya mapipa ya taka, miaka sita,
mahali ambapo macho ya kibao hayafiki.

Nimerudi juu. Muhtasari wa majedwali
nimeukunja mara nne, nikausukuma chini ya mguu wa kile kiti.
Kimetulia.
Sasa natafuta bisibisi.